Mwisho wa Chombo Zohali

Jana alasiri, nikiwa kochini na simu mkononi, usingizi uliniiba, nikaota ninaingia dukani kwa Fundi Shebe kutiliwa kifungo cha shati.

Niseme mapema kwamba sikulala na moyo mweupe. Siku tisa kabla ya hapo nilipata ujumbe kutoka Norwe. Aliyeuandika ni Mwadime, mwanamume niliyempenda nikiwa na miaka ishirini na sita na ambaye, nikisema kweli, sijaacha kumpenda. Tulikuwa hatujaandikiana kwa miaka kumi na mitatu. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: “Nyambu, nimestaafu, sasa nina muda wa kuuliza mambo. Hivi stima ilikatika kweli siku ile?”

Kwa siku tisa nilishika simu, nikajirekodi nikimjibu, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta tena. Jana ilikuwa mara ya kumi na moja, na katikati yake nikasinzia.

Basi ninaingia dukani. Duka liko palepale pa zamani, Voi, nyuma ya soko, ila ndani limekuwa Chombo Zohali. Sishangai. Nafuta miguu mlangoni kama kawaida.

Shebe ameketi kwenye cherehani na anaiendesha kwa miguu. Kila akikanyaga, chombo kinasogea mbele kidogo angani. Amevaa ile sare aliyotushonea mwenyewe kwa kitambaa cha pazia la kijani, yenye mabega mapana na zipu ya upande.

“Umechelewa,” ananiambia bila kuinua kichwa.

“Kaka Shebe, si tulikuzika?”

“Mlinizika, nashukuru, mlifanya vizuri. Lete hilo shati.”

Nampa shati. Nje ya dirisha naziona pete za sayari, na pete zile ni utepe wa kanda za video, mweusi, unaong'aa, umezungushwa mara elfu. Ndovu wawili wa Tsavo wanapita juu yake taratibu, mmoja nyuma ya mwingine, wala hawana haraka na mtu.

Zohali, kwa asiyejua, ilikuwa tamthilia ya televisheni. Chombo cha angani kilizunguka miaka na miaka kikitafuta pa kutua. Ilionyeshwa Jumamosi saa kumi alasiri, kwa misimu, tangu mwaka 1991 hadi 1993, na sisi watatu, yaani Shebe, Mwadime na mimi, hatukuikosa hata inyeshe mvua ya mawe. Shebe ndiye aliyekuwa na televisheni, ile ya kabati la mbao lenye milango, pamoja na deki ya kurekodia kanda. Tulikuwa na sare zetu. Tulikuwa na daftari tatu za kurasa mia mbili tulizojaza visa vyetu wenyewe, ambamo Nahodha wa chombo kile anastaafu na kulima ndizi Taveta. Watu wazima, wenye kazi zao.

Watu wakiuliza mlikuwa mnaona nini, jibu langu ni hili. Mle chomboni mlikuwa na watu wa kijani, watu wa mawe, mwanamke mwenye vichwa viwili vilivyonuniana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa ataoa lini.

Tena alikuwemo Nahodha Veldan, na alikuwemo Mhandisi Ruu, ambaye alipumulia shingoni kama samaki na ilibidi ajinyunyizie maji kila baada ya dakika chache. Hao wawili walitazamana. Tamthilia haikusema kitu, haikuthubutu, lakini sisi tunaopenda wanaume wenzetu tunajua mtu anavyotazamwa kwa ajili ya kazi na anavyotazamwa kwa mambo mengine. Shebe alizihesabu sekunde zile kwa sauti na kuziandika ukutani kwa chaki ya fundi. Nne, kipindi cha tisa. Sita, kipindi cha kumi na nne, bomba la mvuke lilipopasuka. Siku ya hizo sekunde sita tulikunywa soda mbili mbili kama watu waliofunga ndoa.

Sasa katika ndoto milango ya televisheni inafunguka yenyewe. Televisheni inanikodolea jicho lake la kijivu.

“Shikamoo,” naiambia, maana ni kubwa kwangu.

“Marahaba,” inasema kwa sauti ya mtu wa taarifa ya habari. “Bwana Nyambu, katika kumbukumbu zangu kuna tundu. Vipindi hamsini na moja ninavyo. Cha hamsini na mbili, cha mwisho, sinacho. Wewe ndiye uliyeachwa zamu siku hiyo urekodi. Eleza.”

Nalijua jibu. Nimelitoa kwa miaka zaidi ya thelathini na halijawahi kunikwama.

“Stima ilikatika,” nasema.

Papo hapo stima inakatika. Chombo kizima kinaingia giza, cherehani inasimama, na tunaanza kuanguka. Nasikia sahani zinagongana huko jikoni. Kisha taa zinawaka tena, na Shebe anaokota sindano yake sakafuni.

“Endelea,” inasema televisheni.

“Ilikuwa saa kumi na dakika tatu, stima ikaka—”

Giza. Tunaanguka. Safari hii ndovu mmoja anapiga kelele huko nje. Taa zikirudi, nywele za Shebe zimesimama na miwani yake iko kwenye goti langu.

“Yakhe,” ananiambia kwa upole, “hebu usilitamke tena hilo neno. Tuna abiria.”

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba baraza letu la watu watatu lilikuwa na kanuni, zimeandikwa kwa chaki ndani ya mlango wa kabati, na kwamba humu chomboni kanuni zile hazikuwa mchezo. Kanuni ya kwanza: anayekosa kipindi ni maiti mpaka atakapokiona. Enzi zile maana yake ilikuwa kwamba hasalimiwi, na akiomba chai anatazamwa tu. Kanuni ya pili: anayeshika antena juu ya paa si maiti, kwa kuwa yuko kazini upande wa nje wa chombo. Kanuni ya tatu: anayemsimulia mwisho mtu ambaye hajauona, atatupwa nje.

“Nenda ukawaone,” anasema Shebe. “Mlango ule.”

Nafungua mlango ule. Ni chumba kirefu chenye baridi, na wamelala humo watu kwa safu juu ya meza, wamefunikwa mashuka hadi kidevuni, macho wazi. Hawana ubaya. Wamechoka kusubiri tu.

“Samahani, kaka,” ananiita mwanamke wa kwanza. “Mimi nilikosa cha ishirini, nilikuwa najifungua. Yule bwana wa mawe alitoka kisimani?”

“Alitoka,” namwambia. Cha ishirini si cha mwisho, kanuni haikatazi.

“Alhamdulillahi,” anasema, anaamka, anakunja shuka lake vizuri na kwenda zake.

Napita namjibu huyu na yule. Kuna mzee aliyekosa vitatu kwa ajili ya kesi ya shamba. Kuna polisi aliyekosa kimoja kwa kuwa alikuwa akimkamata mtu, na huyo aliyekamatwa amelala kando yake. Nawaambia, wanaamka, wanashukuru, wanaondoka. Mwishoni anabaki mmoja, na namjua kabla sijamfikia, kwa vile vidole vya miguu vinavyochungulia. Mwadime hakuwahi kupata shuka la urefu wake.

Ana umri uleule wa siku zile, miaka ishirini na tisa. Ana ile alama nyeupe kwenye nyusi aliyoipata utotoni Wundanyi. Nami nina miaka hamsini na minane na kitambi. Natamani ningekuja na koti.

“Hujambo, Nyambu.”

“Sijambo. Umekufa?”

“Kidogo,” anasema. “Tangu Agosti ya tisini na tatu. Si mbaya sana, ila mgongo.”

Nakaa ukingoni mwa meza yake. Ananiangalia, na mimi nataka kuhesabu lakini sithubutu.

“Unakumbuka tulivyokubaliana?” anauliza.

Nakumbuka. Zile karatasi za kwenda kusoma Norwe zilikuwa mezani kwa Shebe, chini ya pasi, zikisubiri sahihi. Mwadime alikuwa amezizunguka mwezi mzima. Ndipo Jumamosi moja, tukisubiri kipindi kianze, akasema: “Nahodha akibaki na Ruu, nabaki. Akienda zake, nami naenda zangu.” Alisema kwa kucheka, na Shebe akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Nani mwingine duniani, isipokuwa sisi, angeweza kuyafunga maisha yake kwenye kipindi cha hamsini na mbili?

“Nakumbuka,” nasema.

“Basi nisaidie niamke. Mwisho ulikuwaje?”

“Nikikwambia nitatupwa nje.”

“Ni kweli,” anasema Mwadime, baada ya kufikiri. “Hiyo ni kanuni ya tatu. Niliitunga mimi mwenyewe.” Anavuta shuka lifike kidevuni. “Basi acha. Nimezoea.”

Hilo la “nimezoea” ndilo lililonichoma. Angenitukana ningevumilia.

Namshika mkono nimwinue angalau akae, na tukiwa tumeshikana hivyo chumba kinatuacha. Tuko kwenye jukwaa la stesheni ya reli ya Voi, jua kali, hakuna treni. Mwadime amejifunga shuka kiunoni kama anatoka kuoga. Mbele yetu wamesimama Nahodha Veldan na Mhandisi Ruu.

Wanatazamana. Nahodha amenyoosha mkono nusu, haujafika. Hawasogei. Kuanzia kiunoni kwenda chini wamekuwa shamba la mihogo, majani mabichi kabisa, yanayopepea.

“Habari za mchana,” anasema Nahodha Veldan bila kuondoa macho kwa Ruu. “Je, ninyi ndio mnaojua tunachofanya baada ya hapa?”

“Mmekaa hivyo muda gani?” anauliza Mwadime.

“Tangu kanda ilipokatwa,” anasema Ruu. “Tulikuwa tumebakiza kidogo tumalize. Mara akaja mtaalamu wa kilimo, akaeleza nafasi kati ya shina na shina. Mita moja kwa mita moja. Samahani, kuna mtu ana maji?”

Mwadime anaichukua chupa ya Shebe ya kunyunyizia nguo za pasi, ambayo bila sababu yoyote iko kwenye benchi, na anamnyunyizia Ruu shingoni. Ruu anashusha pumzi. “Mungu akuzidishie,” anasema. Sikujua kama ana dini.

Chini ya benchi kuna kitu kinakohoa. Naitoa kanda ya video, nambari kumi na saba, kibandiko chake kimeandikwa kwa mwandiko wangu: ZOHALI 52, USIFUTE.

“Na akafuta,” inasema kanda, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. “Mimi si wa kulaumu watu, lakini miaka yote hii nimebeba mihogo. Nilizaliwa kubeba nyota. Sasa naweza kukuambia dawa ya batobato, ule ugonjwa wa mihogo, nikiwa usingizini.”

“Stima haikukatika?” Mwadime ananiuliza.

Majani ya mihogo yanaacha kupepea. Uso wangu unaanza kuwasha, nikijigusa nasikia chenga, zile za televisheni, zinatiririka mashavuni, nyeupe na nyeusi, na kunguruma masikioni mwangu. Najua nikisema uongo mara moja zaidi sura yangu itapotea moja kwa moja na nitaamka mtu mwingine.

“Haikukatika,” nasema.

Chenga zinapungua kidogo.

“Nilikuwa peke yangu dukani. Shebe alikuwa amepeleka suti za harusi Mombasa, wewe ulikuwa Wundanyi kumzika bibi yako. Picha ilikuwa safi kuliko siku zote. Niliuona wote, mwanzo hadi mwisho. Halafu nikarudisha kanda nyuma, nikasubiri kipindi cha wakulima, nikabonyeza kitufe chekundu.”

“Kwa sababu walitengana,” anasema Mwadime, taratibu, akinisaidia. “Hukutaka nione wakitengana. Nilidhani hivyo siku zote. Nikakusamehe kitambo.”

Laiti ningeishia hapo. Alikuwa amenifungulia mlango mzuri, nipite nikiwa mtu mwema. Nahodha na Ruu wamenyoosha shingo, maana hata wao hawajui. Nami nataka kupita pale, nyie, nataka mno.

“Hawakutengana,” nasema.

Kisha nasema yote. Kwamba meli za nyumbani ziliwafikia mwishowe, na Nahodha alipewa chombo kipya, kikubwa, na medali. Kwamba alivua beji yake, akaiweka mezani bila neno, akateremka kwenye ile sayari yenye mvua isiyokatika, mahali pekee ambapo Ruu angeweza kupumua bila chupa. Akamkuta amekaa juu ya jiwe. Ruu akasema, “Umesahau chombo chako.” Nahodha akasema, “Sikukisahau.” Akakaa. Wakatazamana huku majina yakianza kupanda.

“Sekunde ngapi?” anauliza Mwadime.

“Kumi na moja. Nilihesabu mwenyewe. Na hapakuwa na mtu wa kumwambia.”

Kanda inapumua mkononi mwangu.

“Niliogopa,” nasema. “Si kwamba ungeumia. Niliogopa ungebaki. Mama alikuwa hai. Mjomba alishanitafutia mchumba Mwatate. Ungebaki, tungepanga nyumba moja, na Voi nzima ingetutazama, na si kwa sekunde sita. Nilitaka ubaki kuliko kitu chochote, na ulipokuwa unakaribia kubaki nikakutoa. Wewe ulipanda ndege, mchumba wa Mwatate nikamkataa vilevile, nikafungua duka la miwani. Ndiyo hivyo. Ulikuwa na jibu lako, na nililifuta mimi.”

Ninapomaliza, mihogo inaanza kukauka kuanzia majani. Nahodha Veldan akatazama miguu yake, akaikuta. Mkono wake ukamaliza safari na kumfikia Ruu begani.

“Asante,” anasema. “Kumbe nina akili.”

“Mara mojamoja,” anasema Ruu, na wanakwenda kukaa kwenye benchi ya daraja la tatu, karibu sana, kama watu wanaosubiri treni ya kesho.

Mwadime anasimama wima. Rangi imemrudia. Shuka linamdondoka, kumbe ndani alikuwa na sare yake ya kijani, zipu imekwama palepale ilipokuwa ikikwama siku zote. Ameamka. Mdomo wake unafunguka aniambie kitu, na mimi niko radhi kutoa roho nikisikie.

“Kanuni ya tatu,” inasema televisheni, ambayo imekuja kwa toroli ya mizigo. “Samahani sana, Bwana Nyambu.”

Shebe anafika na futi yake ya kupimia nguo. Ananizungushia kiunoni, anasoma namba, anatikisa kichwa kwa masikitiko, anafunga fundo. “Nitakutupa polepole,” ananiambia. “Kaza pumzi.” Ananisukuma kutoka ukingoni mwa jukwaa, naye anaruka nyuma yangu, kwa kuwa, anasema, hawezi kuiachia futi ya watu.

Hatuanguki mbali. Tunatua juu ya paa la duka lake, kando ya antena. Mabati yana moto wa alasiri. Chini yetu kuna dirisha, na dirishani unatoka mlio wa muziki wa mwanzo wa Zohali.

Enzi zile picha haikukubali bila mtu wa kugeuza antena. Tulipeana zamu, mmoja juu, wawili chini. Shebe anaishika antena kwa mkono mmoja, anainama, anaita:

“Mnaona?”

“Bado!” zinajibu sauti mbili za vijana kutoka chini. Moja ni yangu. Nyingine ni ya Mwadime, na kuna kicheko kinabanwa ndani yake.

“Na sasa?”

“Bado, Fundi! Zungusha kidogo!”

Shebe hazungushi chochote. Anakaa kwenye mabati, anajipepea kwa kofia.

“Picha iko wazi kama mchana,” ananiambia. “Ilikuwa wazi kila mara. Wadhani mimi sikujua?”

“Ulijua?”

“Televisheni yangu, paa langu, na nusu ya zamu najipa mwenyewe. Nusu ya vipindi vya Zohali nimevisikia kwa masikio tu. Nilisema, hawa watoto wana saa moja kwa wiki ya kukaa wawili. Acha mimi nichomwe na jua.” Anakohoa kidogo. “Wala sijuti. Ila sikumuaga yule alipoondoka. Nilikuwa Mombasa tena. Hilo linaniuma.”

Namwambia kwamba nilimpenda sana, yeye Shebe, na kwamba siku ya mazishi yake nilikaa nyuma kabisa kwa kuwa sikujua nijitambulishe nani wake. Anasema aliniona. Anasema nilivaa tai mbaya.

Kisha anasimama, anaweka viganja mdomoni na kupiga ukelele upande wa kaskazini, juu ya soko, juu ya mashamba ya mkonge, mpaka huko kwenye baridi:

“Mwadime we! Suruali yako ya kaki iko tayari tangu tisini na tatu! Waja lini kuichukua?”

Ukelele ule ndio ulioniamsha.

Nilikuwa kochini. Shati langu limelowa jasho. Saa ilikuwa kumi na robo na mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani. Nilikuwa bado nimeishika simu, kidole gumba kimekaza. Ujumbe wa sauti wa dakika sita na sekunde arobaini ulikuwa umeshatumwa Norwe, na alama ndogo kando yake ilionyesha umesikilizwa.

Niliusikiliza kwa woga wa mtu anayesoma majibu ya hospitali. Ilikuwa sauti yangu, nzito ya usingizi lakini inaeleweka neno kwa neno. Beji mezani. Mvua. Kumi na moja. Niliogopa ungebaki. Yote yalikuwemo. Mwishoni nikanyamaza, na nikajisikia nikikoroma mara mbili. Nikadhani umekwisha. Kisha, kwa mbali na kwa juu, kama mtu aliye nje ya nyumba, akasikika mtu akikohoa.

Sikuwa nimefika mwisho wa rekodi wakati jibu lilipoingia.

“Niliuona ule mwisho mwaka wa tisini na saba,” aliandika Mwadime. “Hotelini, huku, kwa bahati tu, nikibadilisha stesheni. Nililia mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Nilipoona alibaki nikaelewa uliogopa nini; tangu hapo najua stima haikukatika. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe, na umechukua muda, Nyambu. Ningebaki, ujue. Ningebaki hata bila Nahodha, ungenishika mkono tu.”

Nililia. Sikulia kwa heshima, nililia kama mtoto aliyenyang'anywa, mpaka mpira ukaacha kupigwa huko nje. Simu ikalia tena.

“Mwambie Shebe nimemsikia. Suruali nakuja kuichukua mwezi wa kumi na mbili, ila kiuno si kile.”

Shebe tulimzika mwaka 2009. Leo asubuhi nimefunga duka la miwani, nimekwenda kwa dada yake, Bi Zainabu, nikamuuliza, bila kujua naanzia wapi, kama kuna nguo za wateja zilizobaki. Amesema kuna sanduku moja ambalo marehemu alikataza lisiguswe, nikae ninywe chai kwanza, anatafuta ufunguo.